Wifi yangu na binti yangu ni chanda na pete, nami naumia

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina binti wa miaka mitatu na nusu, mtoto wetu wa kwanza. Tatizo langu huenda likakuchekesha. Wenzangu wanalalamika kwamba ndugu wa mume hawawajali watoto wao. Mimi nalalamika kwa sababu wifi yangu anamjali wangu mno.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu na watoto wake wameshakua. Wakati wa uchumba wetu alisema mbele za watu kwamba kaka yake angengoja kidogo angepata mke. Maneno yale yalinifikia siku ileile. Sijawahi kumuuliza, wala yeye hajawahi kuyarudia. Tunasalimiana vizuri, tukiwa na shughuli tunasaidiana, basi, hatuvuki hapo.

Mtoto alipotimiza miaka miwili hivi, wifi akaanza kupita kwetu jioni. Sikutilia maanani. Nilikuwa nashukuru hata nipate nafasi ya kupika na kufua. Wao wawili wakawa wanachuchumaa ukutani nje, wanaangalia sisimizi. Wanawahesabu, wanawapa majina. Siku hizi mtoto akienda kulala ananiambia "Mwalimu leo kachelewa," au "Mwalimu kagombana na Mnene." Nilipouliza Mwalimu ni nani, akanijibu: "Wewe humjui, mama."

Najua ni mtoto. Lakini niliinuka nikaenda kusimama jikoni.

Halafu kuna siku alianguka akachunika goti. Nikamnyanyua, nikamkumbatia, nikamsafisha. Amelaza kichwa begani kwangu, analia, na anachosema ni "Namtaka shangazi." Mama, mimi ndiye niliyembeba mimba ile, mimi ndiye niliyekesha naye. Iliniuma mpaka nikashindwa kumjibu.

Lililonifanya niandike zaidi ni mama yangu mzazi. Anaishi mbali, na alikuja kututembelea baada ya karibu mwaka mzima. Alifika akiwa na hamu, akafungua mikono, mtoto akajificha nyuma ya pazia. Alipomnyanyua kwa nguvu, akapiga kelele kana kwamba amechomwa. Jioni yake wifi akaingia, mtoto akatoka mbio akamrukia. Mama aliangalia, akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe mmeshamgawa." Aliondoka kabla ya siku aliyopanga. Sasa nikimpigia simu haulizi tena kuhusu mjukuu wake, ananiuliza hali yangu na kukata.

Mume wangu nilipomweleza alicheka, akasema wanawake mna mambo. Yeye anarudi usiku, mtoto ameshalala.

Juzi wifi ameomba mtoto akakae kwake wiki nzima wakati wa likizo. Mtoto amesikia na anaimba tangu asubuhi. Nimesema nitafikiria. Ukweli ni kwamba nimeanza kupanga namna ya kumpunguza wifi polepole, niseme tuna safari, niseme mtoto ana mafua. Nikipunguza huku, labda atapata nafasi ya kumpenda bibi yake. Nakosea? Na nifanyeje mama yangu apate haki yake?

Wako,
Nisiyemjua Mwalimu

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka, lakini ni kwa ajili ya huyo Mwalimu anayechelewa kazini. Mengine hayachekeshi. Kumwona mtoto uliyemzoea kama kiungo cha mwili wako akiwa na dunia ndogo ambayo wewe humo, kunauma hata pale ambapo hakuna wifi wala maneno ya zamani. Kwako vyote viwili vimekutana, na juu yake mama mzazi ameondoka na kinyongo.

Nianze na goti, kwa sababu naona hapo ndipo ulipoumia zaidi. Umeandika kwamba alikuwa amelaza kichwa begani kwako. Mtoto asiye na uhakika na mtu aliyembeba hujinasua, hukakamaa, hutafuta pa kukimbilia. Wako alikaa palepale, akalia akaridhika, na akiwa ameshapata bega zima la faraja akaomba na nyongeza. Alimwita asiyekuwepo kwa sababu aliyekuwepo alikuwa ameshampata. Siku nyingine akianguka mbele ya shangazi yake, usishangae ukiambiwa aliyeitwa ni wewe. Watoto wa umri huo wana tabia ya kumtaka hasa yule ambaye hayupo.

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia nyumbani kwao na kuangalia jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Aliwaona wakitambaa kwenda kuchunguza kitu, wakigeuka kumtazama mama, wakirudi kwake kidogo, kisha wakitoka tena. Mama alikuwa ndipo pa kuanzia safari na pa kuishia. Sehemu kubwa ya kazi yake ya baadaye ilijengwa juu ya jambo hilo: mtoto mwenye uhakika wa pa kurudi ndiye anayethubutu kwenda. Kwa hiyo unapomwona binti yako anatoka mbio kumrukia mtu mwingine, jiulize mbio zile alizipata wapi.

Nakuhadithia pia la Glasgow, kule Uskoti, kwa sababu linagusa sisimizi wako moja kwa moja. Mwaka 1964 watafiti Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 tangu uchanga. Wakati huo wataalamu wengi walitilia mkazo mtu mmoja tu katika maisha ya mtoto mchanga, yaani mama. Lakini walipofika miezi 18, wengi wa watoto wale walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, bibi au babu, ndugu zao wakubwa, hata jirani. Na aliyependwa hakuwa lazima yule aliyekaa na mtoto saa nyingi, wala yule anayemlisha na kumwogesha. Kilichokuwa na uzito zaidi ni jinsi mtu alivyoitikia mtoto anapomwita, na jinsi alivyojishughulisha naye.

Sasa mwangalie wifi yako kwa jicho hilo, ukiliweka kando kwa dakika moja lile neno la uchumba. Hukuandika kwamba anakuja na zawadi, wala kwamba anamwachia mtoto afanye analotaka. Umeandika kwamba mtu mzima, ambaye watoto wake wameshakua na magoti yake bila shaka yanalalamika, anachuchumaa ukutani kila jioni kuangalia sisimizi. Watu wazima wengi hatuwezi. Tunamwita mtoto aje kwenye mambo yetu, na akichoka tunasema msumbufu. Wifi yako alikubali kuingia kwenye jambo la mtoto na kulichukulia kwa uzito uleule anaolichukulia mtoto. Hapo ndipo urafiki wao ulipozaliwa, na haukuchukua kitu mfukoni mwako.

Umeniuliza kama unakosea. Kuumia hukosei. Kusema mtoto ana mafua wakati hana, hapo unakosea, na nitakwambia kwa nini, mbali na kwamba atakaa mbele ya shangazi yake akiruka kama mpira na uongo utaonekana. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na ninaona ndani yake hesabu: wifi ana kiasi hiki, mama yangu ana kiasi hiki, nikipunguza huku kitaongezeka kule. Mapenzi ya mtoto hayahamishwi hivyo. Ukimwondoa shangazi, pengo halitajazwa na bibi aliye mbali. Litabaki pengo, na mtoto wa miaka mitatu na nusu hana maneno ya kukuuliza limetoka wapi. Mama yako atabaki mgeni vilevile, ila sasa atakuwa mgeni kwa mtoto mwenye huzuni.

Kuna na jingine, ambalo ungeweza kunikasirikia. Nadhani sehemu ya maumivu yako ni kwamba binti yako ametoa hukumu kwenye kesi asiyoijua. Wifi alikukosea, wewe ulinyamaza kwa heshima, na moyoni ulitarajia kwamba siku moja ukweli utaonekana. Badala yake, mtu unayempenda kuliko wote duniani amemkumbatia aliyekukosea. Mtoto hajui lolote kuhusu uchumba wenu, mwanangu. Hajamsafisha shangazi yake wala hajakuhukumu wewe.

Na kwa sababu hiyohiyo, hulazimiki kumsamehe wifi ati kwa kuwa mtoto anampenda. Watu watakwambia "kwa ajili ya mtoto, yaishe." Mimi sikwambii hivyo. Kesi yako ni halali na ni yako. Ukitaka kumuuliza kuhusu lile neno, muulize mkiwa wawili, mtoto hayupo, na usitaje sisimizi wala ziara za jioni. Ukiona huna haja, endelea na salamu zako nzuri. Ila uhusiano wao usiufanye chombo cha kumlipizia, na wala usiufanye daraja la kulazimisha mapatano ambayo moyo wako hauyataki bado.

Yapo mambo ambayo yangenifanya nikwambie punguza, tena leo. Angekuwa anamwambia mtoto mabaya juu yako au juu ya kwenu. Angekuwa anamfundisha kukuficha mambo: "hii ni yetu, usimwambie mama." Angekuwa anatengua makusudi yale uliyoyakataza kwa ajili ya usalama wa mtoto, au anamtisha, au anataka mtoto amwite mama na kukukana wewe. Hapo hakuna mjadala wa wivu, hapo unaingia kati. Kitu cha kumfundisha mtoto mapema, kwa shangazi na kwa dunia nzima, ni kwamba mambo ya kufurahisha yanaweza kungoja yafunuliwe baadaye, lakini hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumwambia amfiche mama au baba. Mwambie kwa sauti ya kawaida, wakati mwingine mbele ya shangazi mwenyewe.

Lakini "wewe humjui, mama" haimo katika orodha hiyo. Hakukuficha, alikueleza ukweli. Humjui Mwalimu. Tena anakuja kukusimulia habari zake kila usiku, bila kuulizwa, akiwa kitandani. Najua utashawishika kwenda kuchuchumaa nao ukutani ili nawe umjue. Usiende, au nenda siku ukialikwa tu. Mwache awe na mahali pake. Wewe pokea habari za usiku, uliza kama Mwalimu na Mnene wamepatana, na ukubali kuwa msikilizaji. Nafasi ya mtu anayesimuliwa yote mwisho wa siku si ndogo, na shangazi yake haipati.

Tuje kwa mama yako, ambaye naye simlaumu. Alisafiri na mwaka mzima wa hamu kifuani. Ila alimpenda mtoto wa kwenye kumbukumbu, na mlangoni akakuta mwingine. Mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeachwa, na wa miaka mitatu na nusu aliyekutwa, ni kama watu wawili. Na kwa binti yako mwaka mmoja ni zaidi ya robo ya maisha yake yote. Mtu ambaye hajamwona kwa muda huo anaanza naye upya, hata awe amembeba siku aliyozaliwa. Kujificha nyuma ya pazia kulikuwa jambo la akili: kumwangalia mgeni kutoka mahali salama kabla ya kuamua. Kilichoharibu ni kunyanyuliwa kabla hajaamua.

Mweleze mama, lakini usimweleze kama mtu anayemfundisha. Anza kwa kumwambia kwamba uliona alivyoumia, maana nahisi hadi leo hakuna aliyemwambia hivyo. Kisha mwambie akija tena afike akae chini, ashike kitu mikononi, kazi yoyote ndogo yenye kuvuta macho, na asimtazame sana mtoto. Asimuulize "unanikumbuka?" wala "hunipendi?" Asimwombe busu. Mtoto atakuja mwenyewe kuona kinachofanyika. Pengine itakuwa siku hiyo, pengine ya tatu, na mama akiondoka siku ya pili atakuwa ameondoka mlango ukianza kufunguka. Wewe kazi yako ni kuwa karibu bila kumsukuma mtoto kwa mgongo: "nenda kwa bibi, nenda, usiwe na adabu mbaya." Salamu afundishwe, naam, kwa mdomo au kwa mkono. Kukumbatiwa kusubiri aridhie mwenyewe.

Kabla ya safari hiyo kuna simu. Mtoto mdogo hawezi mazungumzo ya "hujambo, umekula, unasoma?" Atajibu mara mbili, ataondoka, na bibi atabaki akiangalia dari ya nyumba yenu. Simu ya picha inafaa zaidi kuliko sauti tupu. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilipotoa mwongozo wake mwaka 2016 wa kuwaepusha watoto wa chini ya miezi 18 na skrini, kiliacha nafasi kwa mazungumzo ya picha. Ila wawe na jambo lao. Bibi amsimulie hadithi kwa vipande, kila simu kipande kifupi, akatishe mahali patamu. Au amwonyeshe kitu kimoja cha kwake na mtoto amwonyeshe kimoja. Iwe fupi, iwe mara nyingi, iwe bibi yuleyule na jambo lilelile. Mwanzoni kaa naye wewe, uwe ndiye unayeuliza "ehe, ikawaje?" Halafu siku utakapoona hawakuhitaji, inuka uende zako. Utaumia kidogo na safari hiyo, lakini utakuwa umeshazoea.

Usimwahidi mama kwamba mtoto atampenda kama anavyompenda shangazi. Huenda ikawa zaidi, huenda pungufu, na kwa hakika itakuwa kwa namna nyingine. Watoto hubadili vipenzi vyao pia; aliye mfalme mwaka huu mwakani huwa mtu wa kawaida. Na tafadhali, mtu yeyote ndani ya nyumba hiyo asimuulize mtoto anampenda nani zaidi, hata kwa utani, hata wewe usiku ukiwa na uchungu.

Halafu mumeo. Katika barua ndefu namna hii umemtaja kwa sentensi mbili: katika ya kwanza anacheka, katika ya pili hayupo. Wifi huyo ni dada yake, mtoto huyo ni wake, na kazi yote ya kuupokea na kuupanga uhusiano huu imekuangukia wewe, uliyetukanwa. Mwambie kwamba hutaki akatae wala akubali kitu, unataka alisimamie. Mipango ya dada yake aipange yeye: siku, muda, sheria za nyumbani zinazopaswa kufuatwa. Ukiacha kuwa mpatanishi kati ya watu wawili wa damu moja, nadhani utashangaa ni kiasi gani cha hasira yako kilikuwa uchovu.

Mwisho, likizo. Wiki nzima kwa mtoto wa umri huo ambaye hajawahi kulala nje bila wewe ni ndefu, na hilo ungelisema hata kama angekuwa anakwenda kwa mama yako. Kwa hiyo lisemwe hivyohivyo, bila kisingizio: aanze na usiku mmoja, akiweza iwe miwili, mengine mwakani. Aende na kitu chake cha kulalia. Aambiwe ni lini utamfuata kwa maneno anayoyaelewa, kama vile baada ya kulala mara moja na kuamka. Piga simu mara moja, jioni mapema, kwa sauti ya furaha, usimwambie umemkumbuka mpaka unalia. Akitaka kurudi usiku wa manane, arudishwe, na asichekwe. Akirudi nyumbani kesho yake huenda akawa mkorofi, akagoma kuoga, akakulilia kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Mwache alie, mpe maji, mlaze mapema. Maswali ya kule alikula nini na nani alisema nini yaache kabisa. Ya Mwalimu ataanza mwenyewe.